Daftari la Bwawa Lisife Kabla ya Bwawa

Kwa watunga sheria za maji, kwa mamlaka zinazosimamia usalama wa mabwawa, na kwa kila mwenye bwawa,

Waheshimiwa,

Kwa miaka 19 kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo kwenye bwawa la tuta la udongo. Kila asubuhi nilisoma kina cha maji kwenye ubao wa vipimo, nikashuka chini ya tuta upande wa nyuma kupima mvujo unaopita kwenye bamba lenye mkato wa pembe tatu, nikayatazama maji yale kama ni maangavu au yana tope, kisha nikapita kwenye piezomita, yaani mabomba membamba yaliyosimikwa ndani ya tuta kuonyesha shinikizo la maji yaliyomo, moja baada ya nyingine nikishusha kamba ya kupimia. Yote niliyaandika kwa wino kwenye daftari la jalada gumu. Asubuhi nyingi hapakuwa na jambo jipya, nami nikaandika hivyo hivyo: hakuna badiliko.

Mwaka wangu wa 12 kazini alikuja mhandisi wa ukaguzi. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa na mvujo ulikuwa umeongezeka. Aliniuliza swali moja tu: bwawa hili lilipojazwa maji mara ya kwanza, kina kilipofika hapa kilipo leo, mvujo ulikuwa kiasi gani? Nikamfungulia madaftari yangu yote. Jibu halikuwamo, kwa sababu bwawa lilijazwa miaka mingi kabla sijaajiriwa. Tukaenda kwa mwenye bwawa. Yeye alikuwa wa tatu kulimiliki, na alisema hakukabidhiwa karatasi yoyote isipokuwa hati ya ardhi. Kampuni ya mmiliki wa kwanza ilikuwa imeshafungwa. Mkandarasi alitujibu kwamba majalada ya kazi zilizokwisha huyateketeza baada ya miaka michache, na hakuna sheria inayomkataza. Ofisi iliyotoa kibali ilikuwa nacho hicho kibali, ukurasa mmoja, basi.

Mwisho ikabidi ukodiwe mtambo wa kutoboa tuta sehemu kadhaa ili ijulikane ndani kuna nini. Naomba mlifikirie jambo hilo taratibu. Watu walioumwaga udongo ule tabaka kwa tabaka na kuushindilia waliuona kwa macho yao. Waliupima unyevu. Waliuona mwamba wa msingi kabla haujafunikwa, na bila shaka kuna aliyeupiga picha. Ujuzi huo uligharimiwa mara moja ukapotea, halafu ukagharimiwa tena kwa kutoboa matundu kwenye tuta linalozuia maji, kazi ambayo ikifanywa vibaya inaweza yenyewe kuliumiza tuta. Na hata baada ya matundu yote yale, swali la mhandisi halikupata jibu. Mvujo wa siku ile ya kwanza hauwezi kutobolewa ukapatikana.

Ndiyo maana naandika. Naomba sheria iseme wazi kwamba kumbukumbu za bwawa ni sehemu ya bwawa kama ulivyo ukuta wake. Zianze siku msingi unapochimbwa, zidumu muda wote ambao ukuta unazuia maji, na zihame pamoja na bwawa kila linapobadili mwenyewe.

Nianze na michoro, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Mwenye bwawa akiulizwa michoro huleta ile ya usanifu, iliyochorwa kabla jembe halijagusa ardhi. Hiyo inaonyesha bwawa lililokusudiwa. Bwawa lililojengwa ni jingine: msingi ulikutwa na ufa ukachimbwa zaidi, udongo wa mfinyanzi ulikwisha kwenye shimo la kwanza ukafuatwa kwingine, mteremko ulifanywa mkali kidogo ili kuokoa siku. Kule Michigan, Marekani, bwawa la Edenville lililojengwa miaka ya 1920 lilibomoka tarehe 19 Mei 2020, na maji yake yakalishinda bwawa la Sanford lililokuwa chini yake. Watu kama 10,000 walihamishwa. Wataalamu huru waliochunguza walikuta kwamba sehemu ya tuta iliyoanguka ilikuwa na mchanga uliolegea, na kwamba tuta halikujengwa sawasawa na michoro ya usanifu. Bwawa lilikaa karibu karne nzima likiwa na tofauti hiyo tumboni.

Sheria ya Mabwawa ya Uingereza ya mwaka 1975 imeligusa jambo hili vizuri. Inataka cheti cha mhandisi wa ujenzi kiambatanishwe na michoro na maelezo ya kazi kama ilivyofanyika hasa, pamoja na vipimo, viwango na tabaka za ardhi zilizokutwa kwenye mashimo na machimbo. Baada ya hapo mmiliki anatakiwa kutunza kumbukumbu za kina cha maji, mivujo, kutitia kwa kuta na matengenezo, na kuweka vyombo vya kupimia mambo hayo. Sheria hiyo ilirithi ile ya mwaka 1930, iliyotungwa baada ya msiba wa Dolgarrog, Wales, wa Novemba 1925 ulioua watu 16. India nayo, kwa Sheria ya Usalama wa Mabwawa ya mwaka 2021, imemtaka mwenye bwawa awe na daftari la matukio yote muhimu na la ukaguzi, na apeleke usomaji wa vyombo vyake, ukiwa umechambuliwa, kwa shirika la jimbo la usalama wa mabwawa. Nazitaja sheria hizi ili mtu asiseme kwamba ninachoomba hakitekelezeki.

Baada ya michoro linakuja jazo la kwanza, na hapa nitakaa kidogo.

Bwawa linapojazwa kwa mara ya kwanza ndipo linapojaribiwa. Maji yanatafuta kila njia tuliyoisahau. Tarehe 5 Juni 1976 bwawa la Teton, Idaho, refu kwenda juu mita zipatazo 93, lilikuwa katika jazo lake la kwanza. Siku mbili kabla, chemchemi ndogo zilionekana upande wa chini. Asubuhi ya siku yenyewe maji ya tope yakaanza kutoka, na zikiwa zimebaki dakika tatu kufika saa sita mchana, ukuta ulivunjika. Watu 11 walikufa. Kwa hiyo vipimo vya jazo la kwanza ndivyo vya thamani kuliko vyote bwawa litakavyowahi kupata: kina hiki, mvujo huu, shinikizo hili ndani ya tuta, siku hii. Ndivyo vitakavyoambia vizazi vyote vitakavyofuata ni kipi cha kawaida kwa bwawa hilo. Mvujo wa lita 2 kwa sekunde unaweza kuwa salama kabisa au kuwa mwanzo wa maafa. Anayejua ni yule tu aliye na tarakimu za nyuma. Na bado nimeona mabwawa ambayo karatasi za jazo la kwanza zilibaki kwenye begi la fundi aliyemaliza mkataba wake akaondoka.

Tena kuandika peke yake hakutoshi kama kila kizazi kinaanza ukurasa mpya bila kusoma wa zamani. Bwawa la Oroville, California, lilikamilika mwaka 1968. Mapema sana baada ya ujenzi, zege la njia yake ya utoro, ile ya kupitishia maji ya ziada, lilipasuka juu ya mabomba ya kutolea maji yaliyolazwa chini yake, na mabomba yenyewe yakatoa maji mengi. Mwanzoni jambo hilo lilionekana si la kawaida, lakini punde likazoeleka, likawa la kuzibwa na kuzibwa tena. Februari 2017 njia hiyo ilichimbika maji yakiwa yanapita, na watu wapatao 188,000 wakaamriwa kuhama. Kikosi huru cha uchunguzi kiliandika kwamba ukaguzi wa macho hautoshi, kwamba lazima kumbukumbu za usanifu na ujenzi zirudiwe kusomwa na kupimwa upya. Kwa hiyo ombi langu kwa mamlaka: mkaguzi asipewe ruhusa ya kukanyaga tuta kabla hajasaini kwamba amesoma jalada lote. Kama jalada halipo, hilo liwe ndilo kosa la kwanza kwenye taarifa yake, juu kabisa, kabla ya majani marefu na mashimo ya panya.

Kule Derna, Libya, nyufa kwenye mabwawa mawili ya juu ya mji ziliripotiwa mwaka 1998. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 mabwawa yote mawili yalivunjika katika dhoruba, na maelfu ya watu wakapelekwa na maji. Ufa ulikuwa umeandikwa. Kwa sababu hiyo sheria isiishie kwenye neno "atunze". Iseme pia ni nani lazima asome, ndani ya siku ngapi, na nani ajibu kwa maandishi kwamba amesoma na amefanya nini.

Sasa suala la mauzo. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, lilijengwa kwa ajili ya kulisha mfereji wa usafiri. Mfereji ulipopitwa na wakati bwawa likaanza kuuzwa, likitoka mkono huu kwenda mwingine. Mmiliki mmoja aling'oa mabomba ya chuma ya kutolea maji chini akayauza kama chuma chakavu. Waliofuata hawakuyarudisha. Walishusha kichwa cha tuta ili magari ya farasi yapite vizuri, wakaweka nyavu za kuzuia samaki kwenye njia ya maji ya ziada. Tarehe 31 Mei 1889 tuta lilishindwa, na watu 2,209 wakafa Johnstown na bonde lake. Kila mwenye bwawa pale alinunua ziwa. Hakuna aliyelazimishwa kununua pamoja nalo maelezo ya jinsi tuta lilivyokusudiwa kufanya kazi, wala kueleza kwa maandishi alichobadilisha.

Ukinunua gari unapewa kadi yake. Bwawa lenye uwezo wa kuua kijiji linauzwa kwa hati ya ardhi tu. Naomba uhamisho wa umiliki usikamilike mpaka muuzaji akabidhi jalada, mnunuzi asaini kila kilichomo, na nakala ya orodha hiyo ifike kwa mamlaka. Kisichokuwamo kiandikwe kwamba hakimo. Na anayefunga kampuni, au anayefariki akaacha warithi, jalada lake liende kwa mamlaka ya maji na lisiachiwe mfilisi anayetafuta rafu tupu.

Najua wenye mabwawa madogo wataguna. Mkulima mwenye tuta la mita 6 atauliza wapi apate mhandisi wa kumjazia fomu. Ninamwelewa, lakini udogo wa mwenyewe haupunguzi uzito wa maji. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, kule Solai katika Kaunti ya Nakuru, Kenya, bwawa la udongo la shamba la binafsi lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40 waliokuwa majumbani mwao. Lilikuwa la kumwagilia mashamba.

Na kinachohitajika kwa bwawa dogo si kikubwa. Ubao wa vipimo uliopakwa rangi. Kopo la kupimia mvua. Ndoo ya ujazo unaojulikana na saa ya mkononi: kinga maji ya mvujo, hesabu sekunde mpaka ndoo ijae, andika. Vigingi vichache vilivyosimikwa kwa mstari mnyoofu juu ya tuta, ili siku mstari ukipinda au kigingi kikishuka uone. Picha moja kila mwezi, kutoka mahali pale pale, upande ule ule. Hayo kijana aliyemaliza shule ya msingi anayaweza, na nimefundisha wawili watatu kwa wiki moja. Mhandisi anahitajika kuyasoma mara kwa mara, kuyaandika hahitajiki.

Lakini namna ya kuandika ina adabu yake, na ningependa kanuni ziitaje badala ya kuiachia bahati. Andika tarehe, saa, mvua ya usiku, kina, mvujo, rangi ya maji, na jina la aliyesoma. Mvua ni lazima, kwa sababu maji yanayochuruzika juu ya mteremko baada ya mvua yanaweza kukudanganya ukadhani ni mvujo wa ndani. Ukikosea usifute wala usipake wino mweupe: piga mstari mmoja ili tarakimu ya zamani isomeke, andika mpya, weka sahihi. Na siku ambayo hukusoma, andika "sikusoma". Nimewahi kufanya kazi na mwenzangu ambaye siku za mvua alibaki kibandani akanakili tarakimu za jana. Ukurasa wake ulipendeza, mstari ulionyooka wiki nzima, na ulikuwa mbaya kuliko ukurasa mtupu. Ukurasa mtupu unakutuma ukaangalie, ila ule wake ulimtuma msimamizi kulala. Siku za mvua ndizo hasa siku za kusoma.

Lipo jambo ambalo wamiliki hawalisemi hadharani, ila faraghani nimeambiwa zaidi ya mara moja: wanaogopa daftari. Wanasema nikiandika ufa leo, kesho wakili atauleta mahakamani. Hofu hiyo ni ya kweli na sheria isiidharau. Sasa hivi, mahali pengi, aliyeandika na aliyenyamaza wanatazamwa kwa jicho moja maafa yakitokea, na wakati mwingine aliyenyamaza ndiye anayepona kwa kukosekana ushahidi. Igeuzeni mizani hiyo. Kukosekana kwa kumbukumbu kuwe kosa linalojitegemea, hata kama bwawa halijapata dosari yoyote. Na aliyeuona ufa, akauandika, akauripoti ndani ya muda na kufuata alichoelekezwa, maandishi yake yawe kinga yake. Mkifanya hivyo, wamiliki wenyewe ndio watakaohakikisha daftari halilali njaa.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Skani kila kitu, wekeni nakala mahali pengine mbali na bwawa, maana nimeona jalada zima likihifadhiwa kwenye nyumba ya mitambo iliyo chini ya tuta, mahali pa kwanza ambapo maji yangefika. Lakini msitupe karatasi. Zipo diski za miaka ya 1990 zenye vipimo ambavyo leo hakuna mashine ya kuzisoma, na daftari la mwaka 1950 linafunguka kwa vidole.

Na nakala moja iwe wazi kwa wanaokaa bondeni. Si lazima wapewe kila tarakimu ya piezomita. Wapewe ukurasa mmoja kwa mwaka: bwawa lilikaguliwa lini, na nani, nini kilionekana, nini kimetengenezwa, nini bado. Wao ndio wanaolala chini ya maji hayo, na mara nyingi ndio wa kwanza kuona chemchemi mpya shambani. Ukurasa huo uwe na sehemu ya wao kuandika pia.

Mimi nimestaafu. Nyumbani kwangu, kwenye sanduku la bati, kuna madaftari 22. Ni nakala nilizoandika kwa mkono wangu kila jioni, nikirudia kile nilichoandika asubuhi kwenye daftari la kazi, kwa sababu baada ya kisa kile cha mhandisi sikuamini tena kwamba la kazi lingedumu. Yanaanzia mwaka wangu wa 12 hadi siku niliyokabidhi funguo. Niliuliza nikiwa naondoka niyakabidhi kwa nani. Mwenye bwawa alisema anayo ya kwake. Nilipoandikia ofisi inayohusika nikaambiwa hakuna utaratibu wa kupokea nyaraka za mtu binafsi. Mwaka jana nilisikia kwamba bwawa linauzwa tena.

Mtakapoweka utaratibu, nitumieni mtu mwenye fomu ya kupokelea, tuhesabu madaftari pamoja na asaini moja moja. Sanduku liko tayari. La tisa liliguswa na maji ya mvua ukurasa wa mwisho, lakini tarakimu zinasomeka.

Wenu katika kazi hii,

Msoma vipimo mstaafu